Uoni wa joto katika Dungeons & Dragons na GURPS: uhakiki wa kanuni mbele ya chatu na mbu

Kitabu cha kanuni za mchezo wa kuigiza wahusika huuzwa kama kitabu cha njozi, lakini ndani yake mna fizikia ya ulimwengu mzima: jiwe huanguka vipi, jeraha hupona kwa muda gani, na nani anaona nini mwenge unapozimika. Uhakiki huu unashughulikia hilo la mwisho peke yake. Nimeviweka pamoja vitabu vya Dungeons & Dragons vya mwaka 1979, 2014 na 2024, nikaongeza kitabu cha mwaka 2004 cha GURPS, mchezo mwingine wa aina hiyo, na nimevisoma vyote kwa swali moja: je, kiumbe anayesemwa kuwa anaona joto analitambua kama wanavyolitambua wanyama walio na uwezo huo, au amepewa tu ruhusa ya kutembea gizani ili mchezaji asisumbuke na taa?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya namna hiyo, inatosha kusema kwamba kila mchezaji huwa na mhusika wake, msimulizi mmoja hueleza mahali walipo na yanayowakabili, na kete huamua pale ambapo matokeo hayana uhakika. Dungeons & Dragons, iliyobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani na kampuni ya TSR mwaka 1974, mara nyingi huwapeleka wahusika wake mapangoni na kwenye magofu ya chini ya ardhi, na kwa hiyo giza ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Binadamu hubeba mwenge, na mwenge humtangaza kwa kila adui aliye karibu. Vibete na maelfi, viumbe wa kubuni ambao wachezaji wengi huwachagua, hutembea bila taa kwa sababu wamepewa kile ambacho vitabu vya zamani viliita infravisheni, yaani uwezo wa kuona mionzi ya infraredi, ile ile ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopita kwenye prizimu.

Maelezo bora ya uwezo huo katika ukoo mzima wa Dungeons & Dragons yamo katika mwongozo wa msimulizi wa mwaka 1979, Dungeon Masters Guide, na inashangaza jinsi yalivyo makini. Umbali wa kawaida ni futi 60, yaani kama mita 18. Mwenye uoni huo hutambua tofauti ya joto tu. Kitu chenye joto sawa na mazingira yake hakimjii machoni, na kitabu kinakiri waziwazi kwamba chumba cha chini ya ardhi kinaweza kuonekana kitupu kabisa, kwa kuwa kuta, sakafu, dari na hata samani za mbao zimekwisha kulingana joto. Viumbe ambao miili yao ina joto sawa na la mazingira ni kama hawaonekani. Taa yenye moto ikiwashwa, uoni huo haufanyi kazi ndani ya eneo linaloangazwa. Kwa msimulizi mwenye akili ya hila, ukurasa huo ni hazina: kibete asiye na mwenge atamwona mlinzi aliyesimama kimya kwenye kona, lakini hatasoma maandishi yaliyochongwa ukutani, hatamwona maiti anayetembea, wala hataliona shimo lililo mbele ya mguu wake.

Hata hivyo ukurasa huo una kasoro, na ni ya aina ambayo msomaji wa kawaida hawezi kuitambua mara moja. Kitabu kinasema kwamba nafasi zilizo wazi ukutani zitajitokeza vizuri, na kwamba msimulizi mkarimu anaweza kukubali mbao ionekane tofauti na jiwe hata vikiwa na joto moja, kwa sababu vitu tofauti hutoa mionzi kwa viwango tofauti. Hoja hiyo ni ya kweli nje, chini ya anga, ila ndani ya chumba kilichofungwa ambacho kila kitu kina joto moja inajibatilisha yenyewe: kitu kinachotoa mionzi michache huakisi zaidi mionzi inayotoka kwenye vitu vinavyokizunguka, na jumla inayomfikia mtazamaji huwa sawa kila upande. Mlango ulio wazi nao haujitokezi, isipokuwa kama nyuma yake mna hewa au kuta zenye joto jingine. Kwa hiyo ukarimu huo hauna msingi. Nuru pekee ambayo kibete angeipata humo ni miili ya wenzake, na pengine mng'ao hafifu wa miili hiyo ukiakisiwa na ngao iliyosuguliwa.

Tatizo kubwa zaidi, ambalo hakuna toleo lolote kati ya haya linaloligusa, ni jicho lenyewe. Ngozi ya binadamu yenye joto la nyuzi 33 hivi za Selsiasi hutoa mionzi mingi zaidi kwenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 9.5, ilhali mwanga tunaouona hauzidi mikromita 0.75. Maji hufyonza mionzi hiyo mirefu, na jicho limejaa maji. Isingefika kwenye retina hata kidogo. Na hata kama ingefika, jicho la kiumbe mwenye damu moto lina nyuzi 37 kila upande wa retina, hivyo linajimulika lenyewe kutoka ndani usiku na mchana. Kibete anayeona joto kwa macho ya kawaida angeona, kabla ya kitu kingine chochote, joto la mboni zake mwenyewe.

Maumbile yamelitatua tatizo hilo kwa kuliacha jicho kabisa. Nyoka wa njuga wa Amerika na jamaa zake wana kishimo kila upande wa uso, kati ya jicho na pua, na ndani ya kishimo kumetandwa utando mwembamba wa takriban mikromita 15 ambao umening'inia hewani pande zote mbili, ili upate joto na kupoa upesi. Habari zake husafirishwa na neva zile zile za uso zinazobeba mguso na maumivu, si na neva ya jicho. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba kipokezi kinachofanya kazi hiyo ni protini iitwayo TRPA1, ambayo kwa nyoka wa njuga huamka joto linapopita nyuzi 28 hivi. Kwetu sisi protini hiyo hiyo ndiyo inayotufanya tutokwe machozi kwa ukali wa haradali. Habari za vishimo hatimaye hukutana na za macho katika ubongo, kwenye seli ambazo baadhi yake huitikia vyote viwili, na kwa maana hiyo neno «kuona» halijakosea sana.

Lakini tazama kile anachokipata. Mdomo wa kishimo ni mpana, kwa hiyo picha inayotua kwenye utando ni ya ukungu mno, na panya hutambulika kwa umbali wa takriban mita moja. Hiyo ni hisi ya kulenga shabaha. Nyoka wa njuga aliyezibwa macho humpiga panya pale panapostahili, na hilo ndilo vishimo vilivyoumbiwa. Kutazama bonde na kuhesabu maadui si kazi yake. Futi 60 za mwaka 1979 ni mara 18 ya umbali huo, na futi 120 wanazopewa drow, yaani maelfi wa chini ya ardhi, ni mara 36. Umbali kama huo unaifaa kamera ya joto yenye lenzi ya germanium, elementi inayopitisha mionzi ya joto, kama zile ambazo askari wa wanyamapori wa Maasai Mara wamekuwa wakizitumia tangu mwaka 2016 kuwasaka majangili usiku, wala haumfai kiumbe yeyote mwenye mifupa.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza nyoka wetu wako wapi katika hesabu hii, na jibu linawahusu wasimulizi wanaopenda kuiweka michezo yao katika mandhari yetu. Kifutu, pamoja na sumu yake na sifa yake mbaya, hana vishimo usoni. Kundi la nyoka wenye vishimo hivyo haliishi Afrika. Anayehisi joto kwetu ni chatu, ambaye ana safu ya vishimo vidogo kwenye midomo. Uwezo wa chatu ni dhaifu kuliko wa nyoka wa njuga na ulizuka kwa njia yake yenyewe, ila kwa mnyama anayevizia swala mdogo usiku kando ya maji unatosha. Msimulizi akimpa kifutu uoni wa joto na kumnyima chatu, amekosea pande zote mbili.

Kwa wenye damu moto mifano ni michache, na inafundisha jambo ambalo ningependa kuliona katika kitabu cha kanuni siku moja. Popo wanyonya damu wa Amerika ya Kusini na ya Kati wana vishimo puani ambavyo huwaongoza, wakiwa umbali wa sentimita 20 hivi au pungufu, kwenye sehemu ya ngozi ambayo damu inapita karibu. Na sehemu hiyo ya pua hubaki na ubaridi kuliko uso uliobaki. Mwaka 2020 watafiti wa Uswidi na Hungaria walionyesha kwamba mbwa pia anaweza kuchagua kitu chenye joto kidogo dhidi ya kisicho nalo, akiwa mbali kiasi cha mita 1.6, na wanahusisha uwezo huo na ile ncha ya pua yenye unyevu na baridi. Mwenye damu moto anayetaka kuhisi joto la wengine hana budi kukipoza kwanza chombo chake cha kuhisi. Haki ingetaka vibete wote wawe na pua baridi, na sioni kwa nini mchoraji yeyote wa vitabu hivi asilifurahie jambo hilo.

Ukurasa wa mwaka 1979 una wazo jingine ambalo wengi hulicheka na ambalo mimi nalitetea. Kinasema kwamba wakazi wengi wa chini ya ardhi huona mbali zaidi kwa sababu macho yao yenyewe hutoa mionzi ya infraredi, na kwamba kwa sababu hiyo macho hayo huonekana mekundu kwa yeyote mwenye uoni kama huo. Kama joto, wazo hilo halisimami. Kama mkakati wa kuwinda, lipo baharini: samaki wa vilindini aitwaye Malacosteus niger hubeba chini ya jicho kiungo kinachotoa mwanga mwekundu sana, rangi ambayo samaki wengi wa vilindini hawawezi kuiona, naye huiona kwa msaada wa rangi ya machoni inayotokana na klorofili. Anamulika windo lake kwa tochi ambayo windo halijui kwamba imewashwa. Na gharama aliyoiandika Gygax, kwamba mwenye uoni wa aina ile ile atakuona kabla hujamwona, ni gharama ya haki ambayo matoleo ya baadaye yaliitupa bila kuweka kitu mahali pake.

Toleo la pili, la mwaka 1989, lilianza kurudi nyuma: kanuni yake ya kawaida ilisema tu kwamba mwenye uwezo huo huona gizani, na uoni wa joto ukawa kanuni ya hiari kwa wanaoipenda. Toleo la tatu, lililotolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 2000, lililifuta joto kabisa na kuligawa jambo mara mbili: baadhi ya viumbe wakaona gizani totoro kwa rangi ya kijivu, na wengine, wakiwemo maelfi, wakaona mara mbili ya binadamu penye mwanga hafifu wa mwezi, nyota au mwenge. Mgawanyo huo wa pili ulikuwa mzuri sana, na ndio uliokaribia wanyama tunaowafahamu. Komba na bundi huona kwa kuukusanya mwanga mchache uliopo. Komba ana hata kioo cha asili nyuma ya retina kinachourudisha mwanga huo upite mara ya pili, na ndiyo maana macho yake huwaka yanapomulikwa. Mpeleke komba kwenye pango refu lisilo na mwanga wowote na atakuwa kipofu kama sisi.

Toleo la mwaka 2014 liliuondoa mgawanyo huo. Sasa kuna uoni mmoja wa gizani: penye giza totoro unaona kana kwamba pana mwanga hafifu, kwa vivuli vya kijivu, hadi futi 60. Kati ya jamii 9 za wahusika katika kitabu cha mchezaji, 6 walipewa uwezo huo. Katika kitabu cha mwaka 2024 ni 7 kati ya 10, na vibete wameongezewa hadi futi 120. Kitabu hakielezi uwezo huo unatokana na nini, na kwa kuwa hautokani na chochote, hauna pa kushindwa. Maiti anaonekana, shimo linaonekana, ukuta unaonekana. Kitu pekee kinachobaki kama kikwazo ni kwamba mwanga hafifu hupunguza uwezekano wa kugundua kilichofichwa, na mezani wengi huisahau kanuni hiyo. Binadamu katika kundi la wenye uwezo huo huwa mzigo, kwa kuwa yeye pekee ndiye anayelazimisha mwenge uwashwe. Nasema bila kusita kwamba kama bidhaa, sehemu hii ni rahisi kutumia kuliko zote nilizozisoma, na ni maskini kuliko zote.

Ajabu ni kwamba toleo hilo hilo limekaribia maumbile mahali ambapo watu hawatazami. Katika takwimu za wanyama, nyoka, wakiwemo chatu na jamaa zake, wamepewa hisi inayowawezesha kutambua kilicho karibu bila kutumia macho, kwa umbali wa futi 10 tu. Mita tatu! Ni nyingi kuliko za nyoka wa njuga, lakini ziko katika jirani yake, na zimeandikwa kama hisi ya karibu isiyo picha, jambo ambalo ndilo hasa. Kasoro yake ni kwamba nyoka wote wamepewa sawasawa, mwenye vishimo na asiye navyo, na kwamba hisi hiyo haitofautishi panya mwenye joto na chura aliye baridi. Vilevile kibete wa mwaka 2024 anaweza kwa dakika 10 kuhisi mitetemo akiwa amegusa jiwe, na hilo lina maana zaidi kwa mkazi wa chini ya ardhi kuliko macho yoyote. Fuko uchi wa Kenya, Ethiopia na Somalia ana vijicho vidogo visivyomfaa sana na hujiongoza kwa mguso na harufu. Fuko-dhahabu wa jangwa la Namib hutumbukiza kichwa mchangani kusikiliza mitetemo ya windo. Wanaoishi gizani kwa vizazi vingi huelekea kuyapoteza macho.

GURPS, ya kampuni ya Steve Jackson Games, imechukua njia nyingine, na kwa maoni yangu imeshinda. Kila uwezo una bei ya pointi ambazo mchezaji huzilipa anapomuunda mhusika. Uoni wa joto hugharimu pointi 10 kwa anayeuongeza juu ya macho ya kawaida, na haugharimu kitu kwa anayeupata badala ya macho hayo. Hiyo sifuri ndiyo hukumu yenye akili kuliko zote nilizozikuta: anayeona joto peke yake amepata kitu na amepoteza kitu cha thamani ile ile. Anapoteza rangi. Anatambua umbo na ukubwa wa jumla, kwa hiyo watu wawili wa kimo kimoja humtatiza. Anapata nafuu ya kupigana gizani na adui mwenye joto, na nafuu ya kufuata nyayo ambazo bado hazijapoa. Nyayo za joto hufifia haraka mno kuliko inavyoruhusiwa humo, ila sitaligombea.

Kilicho kichache hata katika GURPS ni udanganyifu, na hapo maumbile yanatoa hadithi ambayo hakuna msimulizi aliyeitunga. Kuna kindi wa ardhini wa California ambao, wanapokabiliana na nyoka wa njuga, huupunga mkia na pia huupasha joto kwa kuongeza damu ndani yake, ili nyoka amwone kindi akiwa mkubwa na mkali zaidi. Wanapokabiliana na nyoka asiye na vishimo, hupunga mkia vilevile lakini hawaupashi joto. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2007. Adui anayejua kwamba unaona joto ana la kufanya: kujipaka matope baridi, kujificha nyuma ya kioo, ambacho hupitisha mwanga na kuzuia mionzi mirefu ya joto, au kuacha jiwe la moto pale alipokuwa amekaa. Kitabu kinachouza uoni wa joto bila kuuza njia za kuuhadaa kimeuza nusu ya bidhaa.

Jambo jingine linalokosekana kote ni ushirikiano wa hisi. Mwaka 2024 ilionyeshwa kwamba mbu Aedes aegypti, yule anayeeneza homa ya dengi, huhisi mionzi ya infraredi ya ngozi yetu hadi umbali wa sentimita 70 hivi. Mionzi peke yake haimvuti. Ikiambatana na pumzi yetu na harufu ya mwili, juhudi zake za kututafuta huongezeka takriban mara mbili. Kanuni nzuri ingempa kiumbe nyongeza pale tu ambapo amekwisha kunusa au kusikia, na katika vitabu hivi vyote hakuna hata kimoja kinachofanya hivyo.

Kwa anayetaka kununua: GURPS ya mwaka 2004 ndiyo ninayoipendekeza kwa msimulizi anayejali mambo haya, ingawa ni kitabu kizito chenye hesabu nyingi na hakimfai anayeanza. Anayecheza Dungeons & Dragons ya mwaka 2014 hahitaji kulipa chochote ili kuijaribu, kwa kuwa kanuni zake za msingi zimetolewa bure kwa leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023; aziondoe futi 60 kwa wote, awape maelfi uoni wa komba wa mwaka 2000, na vibete awape hisi ya joto ya futi 10 pamoja na ile ya mitetemo. Mwongozo wa mwaka 1979 ununuliwe kwa ajili ya ukurasa wake mmoja tu ikiwa bei ya nakala ya kielektroniki haikuumizi, na usomwe bila kuukubali ule ukarimu kuhusu mbao.